Hasira za Jumamosi

Wakio aliishi upande wa juu wa Mwanda, mahali ambapo ukungu hushuka alasiri na kulala mpaka asubuhi, na nguo iliyoanikwa Jumatatu huanuliwa Alhamisi ikiwa bado mbichi. Mumewe alikuwa amekufa. Binti zake wawili walikuwa wameolewa mbali, mmoja Taveta na mwingine Rukanga, chini ya Kasigau, na walikuwa na watoto wao wa kuwalilia. Aliyebaki karibu, ikiwa Voi ni karibu, alikuwa mwanawe wa kiume Thadeus, aliyesafisha injini za garimoshi na kukaa kwenye landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, pamoja na mkewe Dinah.

Voi ilikuwa karibu kwa lori na mbali kwa moyo. Tangu wamzike baba yake, Thadeus alikuwa amepanda Mwanda mara moja tu katika miaka miwili, na mara hiyo alikuja kwa sababu alikuwa na shida. Dinah alikuwa amejifungua mtoto wa pili, kifua kikamsumbua, hakukuwa na wa kumwangalia yule wa kwanza. Basi wakamleta Magreti, msichana wa miaka mitano, akae na nyanya yake miezi miwili ya baridi. Hiyo ilikuwa Julai na Agosti ya 1956.

Miezi ile miwili Wakio aliongea kuliko alivyoongea katika miaka miwili. Mtoto alipenda kila kitu, moshi, miwa, ukungu, lakini zaidi alimpenda ndama. Ndama huyo aliitwa Chelewa, kwa kuwa alizaliwa wakati Wakio ameshakata tamaa kwamba ng'ombe wake atazaa tena. Alilala ndani ya nyumba, nyuma ya kizuizi cha fito, kama ndama wote wa milimani wanavyolala, kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya fisi. Magreti alijipenyeza kati ya fito, akalaza shavu lake juu ya shingo ya ndama na kumsimulia mambo ya Voi. Wakio aliwaacha. Joto la ndama halina gharama, na mtoto alikuwa na blanketi moja jepesi.

Mwisho wa Agosti Thadeus alimchukua binti yake. Nyumba ikarudi kuwa kimya, na Wakio akawa anamsemesha ng'ombe.

Jumamosi moja ya Septemba, kabla ukungu haujashuka, alimwona Thadeus akipanda kijia cha migombani na Magreti mabegani. Moyo ulimruka mwanamke wa watu. Akatupa jembe, akakimbia kuwapokea, kisha akaona kwamba mwanawe hatabasamu.

"Mama," Thadeus alisema baada ya salamu, "una hasira na sisi?"

Kwa watu wa Taita swali hilo halina utani. Mzazi anayeikalia hasira yake kimya anaweza kumdhuru mtoto wa damu yake bila kutaka. Hasira hutoka yenyewe moyoni, ikaenda ikamshika mdogo asiye na kosa. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira huitaja ile hasira, hupiga funda la maji ya miwa, kisha huyapuliza maji yakatawanyika hewani, moyo ukabaki mweupe. Padri alikuwa ameyaita mambo hayo ushenzi, na waumini wakamwitikia, halafu wakaenda kutasa wakiwa wamefunga mlango.

Thadeus alimfungua mtoto kitambaa cha kichwa. Shingoni na shavuni palikuwa na miviringo myekundu, ukingo wake umeinuka na kujaa vipele vidogo, katikati ngozi imetulia kana kwamba ugonjwa ulipita hapo ukaenda mbele. Kichwani, juu kidogo ya sikio, nywele zilikuwa zimekatika na kuacha kipara chenye magamba. Pale landhi watu waliyaita mashilingi, wakacheka, kisha wakawakataza watoto wao kumgusa.

"Yalianza wiki ile ile aliporudi kutoka kwako," Thadeus alisema. "Dinah alienda kwa mzee mmoja mpiga ramli. Ameambiwa kuna moyo wa mzazi uliokasirika upande wa juu."

Upande wa juu kulikuwa na mzazi mmoja tu.

Wakio aliumia. Kumpenda mtoto yule, kumpa kipande kinono cha kila chungu, halafu aambiwe anamla ngozi! Alitaka kusema hana hasira yoyote. Lakini alikuwa mwanamke mkweli kwa kadiri fulani, na alijua kwamba hasira anazo, tena nyingi, amezipanga moyoni kama kuni za masika. Akaenda kukata muwa.

Walifunga mlango. Wakio akashika kibuyu cha maji ya miwa, akasema jambo la blanketi. Mwaka uliopita Thadeus alituma salamu kwamba blanketi linakuja. Blanketi lilinunuliwa kweli, likaishia kwa mama yake Dinah. "Kama hasira hiyo imemshika mtoto, itoke," alisema, "iende na maji haya." Akapiga funda. Akapuliza. Matone yakaangukia majivu.

Thadeus alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba yake, akitazama vidole vyake vyenye mafuta ya injini yasiyotoka. "Nisamehe, Mama," alisema.

Usiku ule mwanawe alilala upande mmoja wa moto na mjukuu upande wa pili, yaani ubavuni mwa Chelewa. Wakio alisikiliza pumzi zao. Hakuwa amewahi kulisikia neno lile, nisamehe, kutoka kinywani mwa Thadeus tangu alipobalehe.

Aliwasindikiza Jumapili mpaka Wundanyi, penye lori. Njiani Thadeus akauliza, "Ni hiyo tu, Mama? Hakuna nyingine?"

Na hapo ndipo Wakio alipofanya lile alilolifanya. Tusimhukumu haraka, sisi tunaotembelewa.

"Ipo ipo," alisema. "Nimesahau kidogo. Nitakumbuka ukija tena."

Akaja tena. Thadeus alibadilishana zamu na Makokha, mwenzake wa karakana, na kila Jumamosi lori likawashusha Wundanyi, naye akapanda kwa miguu na mtoto mabegani. Wakio akawa anatoa hasira zake moja moja, kama mtu anayetumia chumvi huku akijua duka liko mbali. Jumamosi ya pili alitoa hasira ya barua: alikuwa amemwomba katekista amwandikie barua tatu, na hakujibiwa hata moja. Jumamosi ya tatu alitoa hasira ya ubatizo. Magreti alibatizwa Voi, na nyanya mtu alizipata habari kutoka kwa mwanamke anayeuza miwa njiani, tena mwanamke mwenyewe alidhani Wakio ameshajua, akawa anamsifia keki. Jumamosi ya nne alitoa hasira ya jina. Margaret ni nani? Nani katika ukoo huu aliwahi kuitwa Margaret? Thadeus alitaka kucheka, akajizuia, kisha wakacheka wote wawili, na mtoto akacheka bila kujua sababu.

"Nisamehe, Mama," alisema kila mara.

Kufikia hapo Wakio alikuwa na siku moja katika juma. Ijumaa alifagia uwanja. Jumamosi asubuhi alichagua muwa mnono. Zilikuwepo hasira ndogondogo za kumfikisha mpaka mvua za vuli, na nyuma yao zote ilikuwepo ile kubwa, ambayo hakuwa amepanga kuitoa kwa haraka: siku walipomzika baba yake, Thadeus aliondoka kesho yake asubuhi kwa sababu ya kazi, kabla ya watu kunyolewa nywele za msiba, kabla hata majivu ya moto wa matanga hayajapoa, akamwacha mama yake ajibu kila aliyeuliza mwanao yuko wapi. Hiyo aliiweka chini kabisa.

Tatizo ni kwamba mtoto hakupona. Miviringo iliongezeka. Ule wa shavuni ulipanuka, mwingine ukaota mkononi, kipara cha kichwani kikawa viwili. Dinah, ambaye hakuwa mjinga, alimwambia mumewe, "Kila akitoka huko anarudi na vipya. Mama yako anatema kidogo anabakiza kingi." Thadeus aliyafikisha maneno hayo mlimani akiwa ameinamisha macho. Na Dinah alikuwa amesema kweli mara mbili, ila kweli hizo mbili hazikuwa na uhusiano wowote.

Siku ya Jumatano, wiki ya tano, Wakio alikuwa akikamua. Ili akamue ilimbidi amzuie Chelewa kwa mkono wa kushoto, ndama akisukuma kufuata kiwele, shingo yake ikiegemea upande wa ndani wa mkono huo, chini ya kiwiko. Mkono ulimwasha. Alikuwa akiukuna siku kadhaa bila kufikiri. Safari hii jua lilikuwa limepenya mlangoni, akaugeuza mkono autazame.

Mviringo. Mwekundu, ukingo umeinuka, katikati pametulia.

Akamtazama ndama. Alijua Chelewa ana magamba ya kijivu kuzunguka macho na shingoni, mazito kama uji uliokaukia kwenye mwiko. Ndama wengi hupata hayo wakati wa baridi, watu huwapaka masizi na mafuta, na nyasi mpya zikiota yanakwisha yenyewe. Hakuna anayeyafikiria. Sasa Wakio aliyafikiria. Shingo ya ndama na mkono wake. Shingo ya ndama na shavu la mtoto. Shingo ya ndama na kichwa cha mtoto, juu ya sikio, pale pale anapolala ubavu. Na kila Jumamosi, ili mtoto aponywe, aliletwa kulala papo hapo.

Alikaa kwenye kigoda, maziwa yakipoa. Angepaswa kufurahi. Alikuwa amesafishwa, moyo wake haukumdhuru mtu. Lakini furaha haikuja. Alichokiona mbele yake ni Thadeus akisema, "Kumbe ni ndama," akivuta pumzi, akishuka na lori, na baada ya hapo Jumamosi zikifuatana tupu mpaka mwisho.

Alijipaka mafuta ya nyonyo na masizi mkononi. Akatafuta blauzi ya mikono mirefu, akaivaa.

Jumamosi hiyo hakusema. Alimhamisha ndama akamfunga nje chini ya paa la kuni, ili angalau roho yake imwache alale, lakini Magreti alimlilia rafiki yake, akatoroka kwenda kumkumbatia huko huko nje. Jumamosi iliyofuata ikawa vile vile. Wakio alitaja hasira ya jogoo, kisha hasira ya mwavuli, mambo ya kuokoteza ambayo hata yeye hayakumuuma sana. Alipuliza maji bila kumtazama mtoto.

Jumamosi ya tatu tangu Wakio auone ule mviringo, Thadeus alifika mapema. Alimteremsha Magreti uwanjani taratibu, kama mtu anayetua yai. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimevimba upande mmoja, kilima chekundu chenye usaha, na alipofunguliwa kitambaa nywele zilibaki kwenye kitambaa. Harufu ilimfikia Wakio pale aliposimama. Mtoto hakulia, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Wenzako hawajambo huko landhi?" Wakio alimuuliza, ili aseme kitu.

"Walichora mstari kwa kijiti," Magreti alijibu. "Wao wanacheza upande ule. Mimi nacheza upande wangu."

"Na nani?"

"Peke yangu. Chelewa tu ndiye hanikimbii, Nyanya. Yuko wapi Chelewa?"

Wakio alimjua mtu mwingine anayekaa upande wake wa mstari. Alimtazama mtoto akielekea penye kuni, kitambaa kikining'inia, akamwita kwa sauti kali ambayo hakuwahi kumwitia. "Rudi hapa! Usimguse!"

Thadeus alikuwa tayari ameshakamua muwa. Alifunga mlango, akamkabidhi mama yake kibuyu kwa mikono miwili. "Mama, leo toa yote. Najua kuna kubwa unaificha. Naiona kila nikija. Hata kama ni kunitukana, nitukane, mtoto apone."

Kubwa ilipanda mpaka kwenye ulimi. Alikuwa ameombwa aitoe, tena na mwanawe mwenyewe aliyepiga magoti. Angeisema, Thadeus angelia, angesema nisamehe kwa sauti nyingine kabisa, na kichwa cha mtoto kingeendelea kuoza. Wakio aliweka kibuyu chini, akapandisha mkono wa blauzi.

"Tazama."

Thadeus alitazama, akamtazama mama yake, hakuelewa.

"Ni ndama," Wakio alisema. "Anayo shingoni. Mimi imenishika hapa ninapomzuia, mtoto imemshika anapomlalia. Si moyo wangu. Ni ngozi kwa ngozi."

"Ndama hana hasira, Mama."

"Ndiyo ninayokwambia! Hapa hakuna hasira iliyofanya kazi."

Thadeus akatikisa kichwa. Aliona mama anakwepa, anasingizia mnyama ili asitoe lile kubwa. Wakio naye aliona kwamba haaminiki, na kwamba amejitakia mwenyewe. "Basi kesho nashuka nanyi," alisema. "Mtoto ataonwa na mtu wa dawa. Mimi nitaonyesha mkono wangu."

Hakuwa amewahi kulala Voi. Joto lilimkaba, injini ziliguna karibu na dirisha, na Dinah alimpa chakula kwenye sahani ya pekee aliyoiweka mbali kidogo na nyingine. Wakio alikula akashukuru.

Jumatatu asubuhi walikaa kwenye benchi la zahanati. Dresa, yule mtoa dawa wa zahanati, aliitwa Nyongesa, mtu wa magharibi, mrefu, mpole, mwenye sauti ya kuchoka. Wakio alikuwa na muda wa kutazama waliotangulia. Mtu wa kiwanda cha mkonge, ambaye husimama katika maji ya mashine kutwa, alivua viatu vya mpira, na katikati ya vidole vyake ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa na kupasuka. Mchoma makaa wa injini aliitwa pembeni, akashusha suruali kidogo, naye anaumwa kwenye mikunjo ya mapaja. Mama mmoja mnene aliwashwa chini ya matiti. Kijana mmoja alikuwa na mabaka meupe mgongoni, yasiyomuuma, ila mchumba wake yanamtisha. Wote Nyongesa aliwapa karibu maneno yale yale.

Zamu yao ilipofika alikiinamia kichwa cha Magreti bila kukunja uso. Aliuliza ilianza wapi, lini, mtoto analala wapi, na mwisho akauliza, "Nyumbani kuna mnyama mdogo? Ndama? Paka?"

Wakio akanyoosha mkono wake. Nyongesa akauweka kando ya shavu la mtoto, ukingo karibu na ukingo.

"Hii na hii ni ndugu," alisema. "Mama, hii ni choa. Ni kuvu, kama ile inaota juu ya ugali uliolala. Inakula ngozi ikienda mbele, nyuma yake inapona, ndiyo maana unaona duara. Inapenda mahali pa unyevu na pa nywele. Mtu wa viatu vya maji inamshika vidole. Mtu wa jasho inamshika mapaja. Mtoto inamshika kichwa. Watu wanapeana kwa kitana, kwa kitambaa, kwa kofia, kwa taulo. Na hii ya ng'ombe ni kali zaidi, ndiyo inavimba hivi."

"Basi si hasira ya mtu?" Thadeus aliuliza.

"Hasira inaleta vidonda vya tumbo, pengine. Hii hapana."

Thadeus alimgeukia mama yake, uso wake umefunguka wote, yu tayari kuomba msamaha mkubwa kuliko yote aliyowahi kuomba. Na Nyongesa, ambaye alikuwa anaandika tu kwenye karatasi yake na hakumtakia mtu mabaya, aliuliza, "Mama, wewe hii ya mkono uliiona lini?"

Wakio angeweza kusema jana.

"Wiki ya tatu sasa," alisema.

"Na mtoto akaendelea kumlalia ndama?"

"Akaendelea."

Nyongesa aliandika. Uso wa Thadeus ulijifunga pole pole, kama mlango unaosukumwa na upepo mdogo. Alikuwa akizirudia Jumamosi akilini, ya jogoo, ya mwavuli, mama amevaa mikono mirefu. Alimshika binti yake mikono wakati dresa anamlowesha magamba kwa maji ya uvuguvugu, anamnyoa kuzunguka uvimbe, anampaka maji ya zambarau na kisha mafuta meupe yaliyochoma mpaka mtoto akapiga kelele. Wakio alipakwa yale yale mkononi, naye akatamani yachome zaidi.

Nyongesa alitoa masharti. Kitambaa kichemshwe. Kitana kiwe chake peke yake. Miviringo ya ngozi itaondoka katika wiki chache, kichwa kitachukua miezi, nywele zitarudi nyingi kama si zote. Na mtoto asikanyage penye ndama mpaka apone kabisa.

Thadeus alimsindikiza mama yake mpaka penye lori la Wundanyi. Alimpandishia kikapu, akamshika mkono apande. Wakio alisubiri atukanwe. Angelipokea tusi lile kwa mikono miwili, maana tusi angalau lina mwenyewe na lina siku ya kurudiwa na kusuluhishwa.

"Basi, Mama," Thadeus alisema kwa adabu. "Hatutakusumbua tena."

Lori likaondoka.

Novemba mvua zilinyesha. Wakio alifanya yote anayoweza kufanya mtu. Alimpa jirani yake Lois ng'ombe pamoja na ndama awatunze ng'ambo ya bonde. Aling'oa fito za kizuizi akazichoma, akachoma na majani ya malalo ya ndama, akasiriba sakafu upya na kupaka chokaa ukutani mpaka kimo cha mtoto. Elijah, dereva wa lori, alimletea sukari na sabuni kutoka kwa Dinah, na salamu: miviringo imekwisha, uvimbe umenywea, mtoto anacheza na wenzake. Dinah alisema asante na pole. Wakio aliuliza kama Thadeus amesema lolote. Elijah alikuna kidevu, akasema Thadeus hajambo, ana kazi nyingi, ameacha kubadilishana zamu.

Aliwatumia salamu kwamba nyumba ni safi sasa, hakuna mnyama. Ijumaa alifagia uwanja. Jumamosi alichagua muwa, akakamua, akaweka kibuyu karibu na moto na kigoda cha pili mahali pake. Alifikiri kwamba Thadeus ana lake la kutema safari hii, na kwamba atakuja walau kwa hilo. Ukungu ulishuka. Kwenye kijia cha migombani hakupita mtu isipokuwa mtoto wa Lois, aliyeleta kikombe cha maziwa akaenda zake mbio.

Alifanya hivyo Jumamosi nne.

Ya tano, Desemba imeshaingia, alikaa akakitazama kigoda kwa muda mrefu. Ile hasira kubwa ilikuwa bado chini kabisa, nzima, haijaguswa. Ndiyo kitu pekee alichobaki nacho ambacho mwanawe aliwahi kupanda mlima kukitafuta. Dresa alikuwa amesema hasira haishiki ngozi ya mtoto, na Wakio aliyaona kwa macho yake. Lakini alizaliwa Mwanda, akalelewa Mwanda, na moyoni mwake bado kulikuwa na nafasi ndogo ya wasiwasi. Nywele za Magreti zilikuwa ndiyo kwanza zinaota.

Akakishika kibuyu cha maji ya miwa.

"Tulipomzika baba yako uliondoka kesho yake asubuhi," alikiambia kigoda. "Nilikuwa sijanyolewa bado. Watu waliniuliza uko wapi, nikawaambia umeenda kuchota maji. Nilisema hivyo siku nzima. Kama hasira hiyo bado ipo, itoke. Isimguse mtoto." Akapiga funda.

Akapuliza. Matone yakaanguka kwenye sakafu mpya aliyoisiriba.

Kisha alisubiri, kwa mazoea, lile neno linalofuata. Halikusemwa. Moto ulipasuka kidogo, paa likadondosha ukungu. Alisubiri mpaka akaelewa kwamba safari hii si Thadeus anayetakiwa kulisema.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

Akakirudisha kigoda ukutani, akaenda kuufunga mlango, ingawa hakukuwa na mtu nje wa kusikia.